Wimbo Una Mwenyewe



Kila baada ya miaka mitano mji wetu wa Bagamoyo hubadili sauti. Gari lenye vipaza sauti huanza safari yake Dunda, hupita karibu na soko la samaki, hushika njia ya Magomeni na hata Kaole, na kabla mgombea hajatamka neno lolote, wimbo huwa umekwisha kumtangulia. Watoto hulikimbilia gari, kina mama hutoka barazani, vijana wa bodaboda huitikia kwa honi. Wimbo wenyewe ni ule ule uliochezwa harusini juma lililopita. Leo umevikwa rangi za chama. Katika umati huo ni wachache mno wanaojiuliza: je, aliyeutunga ameombwa? Je, amelipwa? Je, anakubaliana na hayo yatakayosemwa wimbo utakapozimwa?

Maswali hayo ndiyo tunayotaka kuyatafakari pamoja nanyi. Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, kwamba Kamati ya Haki na Amani ingepaswa kushughulikia ardhi, maji na bei ya mazao, wala si muziki wa mikutano ya hadhara. Sisi tunaona sivyo. Haki haipimwi kwa ukubwa wa kitu kilichochukuliwa peke yake. Hupimwa pia kwa namna kilivyochukuliwa. Mtu anayetuomba tumkabidhi mali ya umma, naye anaanza safari yake kwa kutwaa jasho la mwenzake bila hata kubisha hodi, ametupa mapema kipimo cha kumpimia.

Tena sisi wa Bagamoyo tunahusika kuliko wengi. Mji huu ni mji wa wasanii. Hapa ndipo kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Hapa ndipo alipoishi na kufundisha hayati Hukwe Zawose, aliyezipeleka zeze na ilimba za Wagogo katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwezi Desemba 2003. Vijana wengi wa parokia zetu wanakula kwa ngoma, kwa gitaa na kwa sauti zao. Jambo linalomgusa msanii linazigusa nyumba zetu.

Yaliyotokea Nairobi

Mfano ulio wazi kuliko mingine katika Afrika Mashariki tunaupata kwa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 16 Mei 2022, mjini Nairobi, muungano wa Azimio la Umoja ulimtangaza Bi. Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa hayati Raila Odinga, katika uchaguzi uliofanyika tarehe 9 Agosti mwaka ule. Katika kulitangaza jambo hilo ukatumiwa wimbo "Extravaganza" wa kundi la Sauti Sol, uliotoka mwaka 2019. Ni wimbo wa vijana kufurahi. Siasa haimo ndani yake.

Sauti Sol hawakunyamaza. Walitoa tamko mbele ya umma wakisema kwamba hawakutoa idhini, kwamba hawakumuunga mkono mgombea yeyote, na kwamba kitendo kile kilivunja Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Wakaeleza kwamba watatafuta haki yao kwa njia za kisheria. Muungano wa Azimio ulijibu kwa lugha ya upole, ukisema kwamba kuupiga wimbo ule kulikuwa ni ishara ya upendo na heshima kwa wasanii hao.

Tunaomba tusilipite jibu hilo haraka, maana ndilo jibu ambalo hata kwetu tungelisikia. Hatuna sababu ya kudhani kwamba lilitolewa kwa unafiki. Lakini upendo usioomba ruhusa una kasoro kubwa. Anayependa maembe ya jirani hubisha hodi mlangoni. Haingii shambani usiku na kesho yake akamtumia salamu za kuyasifu. Kumpenda msanii ni kumtambua kuwa ni mtu mwenye hiari, anayeweza kusema ndiyo, na anayeweza pia kusema hapana.

Ofisi ya hakimiliki ya Kenya nayo ilieleza jambo ambalo kila mwendesha kampeni angefaa kulijua kwa moyo. Kuna ruhusa ya kupiga wimbo hadharani, ambayo hupatikana kwa vyama vinavyokusanya mirabaha kwa niaba ya wasanii. Kuna na ruhusa nyingine, ya kuufunga wimbo pamoja na picha ili kutangaza jambo, na hiyo hutolewa na mwenye wimbo mwenyewe. Aliye na ya kwanza hajawa na ya pili.

Liko funzo jingine katika mkasa huo. Mmoja wa waimbaji wa "Extravaganza", Bi. Crystal Asige, mwaka huo huo wa 2022 aliteuliwa kuwa seneta kwa tiketi ya chama cha ODM, ambacho kilikuwa ndani ya Azimio. Hivyo katika wimbo mmoja mlikuwa na mwenye njia yake ya siasa na wengine waliotaka kusimama nje ya siasa. Wimbo wa watu wengi una dhamiri nyingi. Ridhaa ya mmoja haiwi ridhaa ya wote.

Wala tusidhani kwamba upande wa pili ulikuwa mbali na muziki wa vijana. Wimbo "Sipangwingwi" wa msanii Exray, uliovuma mwaka 2021, uliingia katika kampeni za William Ruto hata neno lile la vijiweni, lenye maana ya kukataa kupangiwa mambo na wengine, likawa kaulimbiu. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno yanayoweza kuchochea chuki. Tazameni safari ya neno moja: lilizaliwa katika mchezo wa vijana, likakua jukwaani, likaishia katika orodha ya hatari. Mtunzi anapoiruhusu siasa iuchukue wimbo wake, ajue kwamba hatakuwa yeye anayeamua mahali utakapofikia. Basi ikiwa hivyo ndivyo kwa aliyekubali, itakuwaje kwa yule ambaye hakuulizwa?

Makosa matatu ndani ya kosa moja

Tunapolichunguza tendo hili kwa utulivu, tunaona ndani yake makosa matatu ambayo hatuna budi kuyatofautisha.

La kwanza ni kosa dhidi ya ujira. Mkutano wa kampeni ni shughuli yenye gharama. Mwenye gari analipwa, mwenye jenereta analipwa, mwenye turubai na viti analipwa, mshona fulana na mchapa mabango wanalipwa, hata kina mama waliopika pilau hulipwa. Katika orodha hiyo yote ni mtu mmoja tu anayeachwa mikono mitupu, naye ndiye aliyewaleta watu uwanjani. Wanasema waliotutangulia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Huyu amechezeshwa kwao wala hakutunzwa. Tangu waraka wa Papa Leo wa 13 wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, Kanisa halijaacha kufundisha kwamba kumnyima mtenda kazi ujira wake ni dhambi inayolia. Kazi ya msanii ni kazi. Kwa kuwa haionekani kama jembe au nyavu, watu huidhania kuwa ni karama tupu isiyo na gharama, na kumbe nyuma ya dakika nne za wimbo kuna miezi ya kutunga, wapigaji wa vyombo, fundi mitambo, na studio iliyolipwa kwa saa.

La pili ni kosa dhidi ya ushuhuda wa mtu. Sauti ya mwimbaji inatambulikana kama uso wake. Ikisikika jukwaani kwa mgombea, wasikilizaji hudhani kwamba mwenye sauti amesimama pale. Huko ni kumtia mtu maneno kinywani, na kwa Mkristo anayezijua amri, kumsingizia mtu ushuhuda asioutoa si mzaha. Wala hasara yake si ya heshima peke yake. Katika nchi zetu, mtu akidhaniwa kuwa wa chama fulani, anaweza kukosa wateja, kukosa mialiko, na siasa zikichemka anaweza hata kupigwa mawe. Mgombea anayeuchukua wimbo bila idhini anamvisha mwenzake sare ambayo hakuiomba, kisha anamwacha atembee nayo mitaani peke yake.

La tatu ni kosa dhidi ya mpiga kura, na hili ndilo husahaulika zaidi. Mwananchi anakwenda mkutanoni ili asikie hoja: barabara itajengwaje, zahanati itapata wapi dawa, wavuvi watalindwaje. Wimbo anaoupenda unapoanza, moyo wake hufunguka, naye huihesabu furaha ile kuwa ni ya mgombea, ingawa mgombea hakuitolea jasho lolote. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini katika giza la shangwe inaweza kudanganya macho. Hatusemi kwamba kampeni zisiwe na muziki. Tunasema kwamba furaha iliyoibwa haiwezi kuwa msingi wa uamuzi wa haki.

Jambo hili halina bara lake. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan wa Marekani, akiwa katika kampeni huko New Jersey, alimtaja mwanamuziki Bruce Springsteen kana kwamba nyimbo zake ziko upande wake, ilhali "Born in the U.S.A.", uliokuwa ukivuma mwaka ule, unamlilia askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakosa kazi na heshima. Mwaka 2020 wimbo "Electric Avenue" wa Eddy Grant, mzaliwa wa Guyana, uliozaliwa katika machungu ya watu weusi wa Brixton mjini London, ulitumiwa katika video ya kumdhihaki mpinzani wa Donald Trump. Grant alikwenda mahakamani, na mwezi Septemba 2024 jaji akaamua kwamba haki yake ilivunjwa. Kule New Zealand, chama cha National kilitumia katika tangazo la uchaguzi wa mwaka 2014 muziki ulioigiza wimbo wa Eminem. Chama kilijitetea kwamba kiliununua muziki ule kihalali kutoka kwa wauzaji wake. Hata hivyo mwaka 2017 mahakama ilikitoza dola 600,000 za nchi hiyo, zikapunguzwa hadi 225,000 katika rufaa mwaka 2018. Maana yake ni kwamba hata anayedhani amelipa hana budi kuhakikisha amemlipa aliye mwenyewe.

"Wimbo ukishatoka ni wa watu"

Hoja inayotolewa mara nyingi katika kulitetea jambo hili ni kwamba wimbo ukishatoka redioni si wa mtunzi tena, ni wa watu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuukanusha.

Mwaka 2002, Wakenya walipokuwa wakijiandaa kuuaga utawala wa miaka 24 wa Daniel arap Moi, nyimbo mbili zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Wa kwanza ni "Unbwogable" wa vijana Gidi Gidi Maji Maji, wenye jina lililotokana na neno la Kijaluo la kutisha, yaani asiyetishika. Muungano wa NARC, uliomsimamisha Mwai Kibaki, uliufanya kuwa kama wimbo wake wa vita. Wa pili ulikuwa wimbo wa dini, unaofundisha kwamba kwa imani hakuna lisilowezekana. Umati uliuchukua, ukaondoa imani mahali pake, na badala yake ukatia jina la Rais aliyekuwa akiondoka, kwa maana ya kwamba bila yeye mambo yote yangewezekana. Watu waliuimba katika viwanja vya Nairobi, na kutoka hapo ukasikika nchi nzima.

Je, umati ule ulitenda dhuluma? Hapa yatupasa kupambanua. Watu wanapouinua wimbo kwa vinywa vyao wenyewe, kwa furaha au kwa uchungu wao, wanafanya lile ambalo nyimbo zimefanyiwa tangu zamani. Hapa pwani, nyimbo za ngoma hupokewa, hugeuzwa na kupokezwa tena, na hakuna anayempeleka mwenzake barazani kwa ajili hiyo. Lakini kamati ya kampeni si umati. Kamati ina mweka hazina, ina bajeti, ina mwanasheria, na inatumia wimbo kwa makusudi ya kumpatia mtu cheo. Mvuvi akiuimba wimbo wa kundi fulani huku akivuta nyavu, wimbo umefika kwa watu. Mgombea akiurekodi upya kwa jina lake na kuupigisha kwa vipaza sauti kumi, wimbo umetoka kwa watu ukaingia katika mali yake. Anayesema kwamba wimbo ni wa watu wote hana haki ya kuufanya wa mtu mmoja.

Wengine husema: "Tunamtangaza bure." Hoja hii ina udhaifu wake. Ukitangazwa bure kwa jambo usilolitaka, umetangazwa kwa hasara yako. Tena ni nani aliyempa mwanasiasa mamlaka ya kukadiria malipo ya mwenzake? Mwenye duka hatakubali kwamba sukari yake ichukuliwe kwa sababu wachukuaji watawaambia watu jinsi ilivyo tamu.

Kwetu Tanzania

Hapa nchini siasa na muziki ni ndugu wa siku nyingi. Baada ya uhuru, bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Vyombo vya muziki vilikuwa vya taasisi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Kuisifu siasa ya nchi kulikuwa sehemu ya kazi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kundi la Tanzania One Theatre lilianzishwa chini ya hayati Kapteni John Komba, nalo likawa sauti ya CCM katika kampeni kwa miaka mingi. Baadaye wasanii wa kizazi kipya wakaingia. Mwaka 2015 Diamond Platnumz aliugeuza mwenyewe wimbo wake "Number One" kuwa wa kampeni ya CCM, na mwaka 2020 akafanya vivyo hivyo kwa "Baba Lao". Wengine walichagua njia nyingine: Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, aliingia bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya CHADEMA, na Joseph Haule, yaani Profesa Jay, mwaka 2015. Ni Profesa Jay huyu ambaye mwaka 2001, katika "Ndiyo Mzee", aliwachora wanasiasa wenye ahadi zisizotimilika.

Hao wote walitenda kwa hiari yao. Mtu anaweza kutopendezwa na uchaguzi wao, lakini hawezi kusema wameibiwa. Msanii ni raia, ana haki ya kuwa na chama na haki ya kukifanyia kazi kwa malipo au kwa mapenzi. Tunalolipinga si muziki katika siasa, bali muziki uliotwaliwa.

Hata hivyo, ridhaa nayo ina masharti yake. Ridhaa ya kweli ni ile ambayo ingeweza kukataliwa bila woga. Tukumbuke yaliyotokea mwezi Machi 2017. Msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", ambao Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia. Haikupita muda, Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo, kwamba msanii aachiwe na wimbo upigwe, na hata ikashauriwa aongezewe watu wengine wa kusemwa ndani yake. Tulifurahi kwamba kijana yule alitoka. Lakini tulitafakari pia: wimbo ule ule ulikuwa kosa asubuhi na sifa jioni, na katika kugeuka huko kote mtunzi hakuwa mwamuzi hata mara moja. Pale ambapo kibali cha kufanya onyesho kinatoka serikalini, na serikali hiyo hiyo ina wagombea wake, msanii anayeombwa wimbo huisikiliza sauti ya muombaji kabla ya kuyasikiliza maneno yake. Kwa hiyo mgombea mwadilifu, hasa aliye madarakani, hatosheki na kuomba. Anahakikisha kwamba atakayemkatalia hatadhurika.

Sheria inasemaje

Waamini wengi hudhani kwamba mambo haya yameachwa kwa hiari ya watu. La hasha. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966. Mwaka 1994 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne unaolinda kazi za watunzi duniani, na mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7, ambayo ndiyo iliyoiweka COSOTA. Sheria hiyo inampa mtunzi haki za namna mbili. Ziko haki za kiuchumi, yaani kunufaika na kazi yake inaponakiliwa, inapopigwa hadharani au inapotangazwa. Na ziko haki za kimaadili, yaani kutambuliwa kuwa mtunzi, na kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Ulinzi wa haki za kiuchumi unadumu katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo hata mjane na yatima wana fungu lao. Sheria haikuzisahau sanaa za jadi pia. Anayezigeuza ngoma za wazee wetu kuwa biashara naye ana utaratibu wa kuufuata.

Iko na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayowataka wagombea na vyama kueleza fedha na misaada wanayoitumia. Wimbo uliochukuliwa bure hauonekani katika hesabu hizo. Si zawadi, maana hakuna aliyeutoa. Si manunuzi, maana hakuna aliyelipwa. Hesabu isiyoweza kusema kitu kimetoka wapi ni hesabu ya kutilia shaka, na mwenye kuanza hivyo katika wimbo anaweza kuendelea hivyo katika saruji ya shule.

Nyimbo za ibada

Kuna jambo linalotugusa kwa karibu zaidi, nalo ni nyimbo za kwaya. Watunzi wetu wengi ni walimu na makatekista wanaotunga usiku baada ya kazi za mchana, na hawajadai chochote. Kutodai kwao si kibali cha kila mtu. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya matoleo au shukrani hauwi wa mgombea kwa sababu tu ameusikia ukamvutia. Maadili ya uchaguzi yanakataza nyumba za ibada zisitumiwe kwa kampeni. Ikiwa mgombea haruhusiwi kuingia na kampeni kanisani, atawezaje kulitoa nje lile linaloimbwa altareni na kulipandisha katika gari la chama? Waamini wanaoabudu pamoja Dominika ni wa vyama mbalimbali, na wengine hawana chama. Wimbo wao ukichukuliwa na upande mmoja, wa upande wa pili atauimba vipi Dominika inayofuata?

Na ndugu zetu Waislamu, ambao tunaishi nao nyumba kwa nyumba hapa Dunda, wanazo kaswida zao. Heshima tunayoidai kwa nyimbo zetu tuidai kwa kaswida vilevile.

Yatupasa kufanya nini

Kwanza, watunzi na viongozi wa kwaya waandike. Kila wimbo uwe na jina la mtunzi na tarehe, nakala ihifadhiwe ofisini, na kazi zinazorekodiwa ziandikishwe COSOTA. Asiye na maandishi hushindwa kuthibitisha lililo lake.

Pili, msanii akiombwa wimbo kwa ajili ya kampeni, asikubali kwa mdomo. Makubaliano yaeleze ni wimbo gani, utatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na kama maneno yatabadilishwa. Kama wimbo una wenyewe wengi, wote waulizwe.

Tatu, wagombea na mawakala wao, ambao wengine ni waamini wetu, wajue kwamba kuomba si unyonge. Waombe, walipe, na wakikataliwa wakubali. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Nne, sisi wapiga kura tujizoeze kuuliza. Mgombea anapofungua nafasi ya maswali, aulizwe kwa adabu: "Mheshimiwa, wimbo uliotupokea nao hapa, mwenyewe ameridhia?" Atakayelijibu vizuri swali hilo dogo atatupa sababu ya kumsikiliza katika makubwa.

Tangu mwaka 1995 hadi 2025 tumekwisha kupitia chaguzi kuu saba za vyama vingi. Nyingine zitakuja, na gari lile litapita tena. Tusingoje lipite ndipo tukumbuke. Muda wa kulinda haki ya msanii ni sasa, wakati hakuna kura inayoombwa na kila mtu anaweza kusikia bila kudhani kwamba anasemwa yeye.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu kuna wasanii au watunzi gani? Je, tunaijua hali ya maisha yao?

2. Mgombea tunayempenda akitumia wimbo bila idhini, tutamkosoa sawasawa na yule tusiyempenda?

3. Kwaya yetu ikiombwa kuimba katika mkutano wa chama, nani anapaswa kutoa jibu, na kwa kuzingatia nini?

4. Ni hatua gani moja ambayo Jumuiya yetu inaweza kuichukua kabla ya mwaka huu kwisha ili kazi za watunzi wetu zilindwe?